Ubao Unasema Mume Wangu Ni Mzima

Mshauri wangu, nakusoma kila wiki, na nikiri tu kwamba mara nyingi huwa nayacheka matatizo ya wenzangu, ila leo zamu imenifikia mimi na sioni cha kucheka. Nina neno limenikaa kooni, halipandi wala halishuki, naomba unisaidie ama kulitema ama kulimeza, maana nikiendelea kukaa nalo hivi nitapasuka.

Mimi ni mke wa fundi mwashi. Nimeolewa katika familia ya waashi, baba mkwe alikuwa mwashi, baba yake vilevile, na wanawe wawili, yaani mume wangu na kaka yake, walishika mwiko kabla hawajaota ndevu. Lakini familia hii inarithishana na kitu kingine zaidi ya mwiko. Ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, mtu anaanza kuyumba kama mlevi ilhali hajaonja hata tone, kisha mikono inakosa shabaha, ulimi unakuwa mzito, na miaka ikienda anakuwa mtu wa kukalishwa kitini. Ni ugonjwa adimu, tumeambiwa wapo madaktari wanaostaafu bila kuuona kwa macho, sisi tunakula nao meza moja. Kila mtoto wa mgonjwa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuupata. Baba mkwe alikuwa nao. Shemeji yangu anao. Mume wangu nilijua hana, na nilijua hivyo kwa sababu ya ubao.

Nikueleze habari za ubao, maana watu wa nje huwa wanatucheka. Baba mkwe alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, hakufa, ila alipotoka hospitali aliweka sheria moja ambayo wanawe wameishika mpaka leo. Kila asubuhi kazini, kabla mtu wa familia hii hajapanda juu, unalazwa chini ubao mmoja wa jukwaa, anaupita kuanzia mwanzo mpaka mwisho, mikono ameikunja kifuani, kisigino kinagusa kidole. Anayeyumba anabaki chini siku hiyo anachanganya zege. Anayeyumba asubuhi baada ya asubuhi anakabidhi mwiko, na hakuna mjadala, hakuna kubembelezana.

Shemeji yangu ndiye aliyekuwa bingwa wa ubao huo. Kazini wanamwita Timazi, kama lile jiwe la kamba wanaloning'iniza kuona kama ukuta umesimama wima, kwa sababu yeye hakuhitaji jiwe, alikuwa anasimama mbali, anafumba jicho moja, anakwambia ukuta wako unalala kushoto, ukipima ni kweli. Asubuhi moja mguu wake ulitoka nje ya ubao. Akarudi mwanzo akaanza upya, ukatoka tena. Mwenyewe aliinama akauweka mwiko wake juu ya ubao, akaenda akakaa kwenye mifuko ya saruji, na tangu hapo nyumba zetu zote zinategemea mikono ya mume wangu, ambaye kila jioni akirudi ananiambia, "Mama watoto, ubao umenipitisha," nami nashukuru Mungu napakua chakula.

Sasa sikiliza. Mke wa Timazi alishaondoka miaka kadhaa nyuma, kwa hiyo mimi ndiye ninayempeleka kliniki, kwa sababu maneno yake yamekuwa mazito na mimi nimeshazoea kuyasikia, namfanyia ukalimani. Siku zote mambo ni yale yale, simama, tembea, gusa pua yako, gusa kidole changu, haya asante, mrudi baada ya miezi kadhaa. Safari hii tukamkuta daktari mwingine, mama mmoja mpole, bingwa wa mishipa ya fahamu, amekuja kwa wagonjwa wa ugonjwa huu tu. Shemeji alipotaka kusimama ili atembezwe kama kawaida, yule daktari akamwambia, "Kaa, kaka yangu. Miguu yako nimeiona ulipokuwa unaingia. Leo nataka habari za mambo yasiyoonekana."

Akavuta kiti mpaka magoti yao yakakaribia kugusana, akasema, "Habari za usiku?"

Shemeji akajibu, "Nzuri tu, daktari."

"Sikusalimii," akasema yule mama. "Nakuuliza. Usiku wako unakuwaje?"

Mshauri, kile chumba kilikuwa na meza, kitanda cha wagonjwa kilichotandikwa karatasi, na feni inayolia juu, lakini mimi nakwambia nilihisi kama nimeingia mahali patakatifu. Nimekaa na shemeji yangu mezani miaka yote hii, namjua anapenda nini hapendi nini, na nilikuwa sijui lolote. Daktari akauliza kimoja kimoja, na baada ya kila swali alikaa kimya, wala hakunigeukia mimi nimtafsirie, alisubiri maneno ya shemeji yatoke yenyewe kwa mwendo wake. Na yakatoka! Kwamba misuli ya miguu inamkaba alfajiri mpaka anauma shuka. Kwamba haja ndogo ikimbana haimpi nafasi ya kufika chooni, ndiyo maana aliacha kwenda kwenye harusi na misiba, sisi tukasema ana majivuno. Kwamba kuna siku anakaa mlangoni tangu asubuhi na hakuna kitu duniani anachokitaka, hata jua halimpendezi, na hajui huzuni hiyo imetoka wapi. Alikuwa anazungumza kama mtu anayetoa mawe mfukoni moja baada ya jingine, na mimi nilibaki nimeduwaa jinsi binadamu mmoja anavyoweza kubeba yote hayo na bado akakukaribisha ndani kwa tabasamu.

Kisha daktari akatoa vichupa vidogo, akamwambia afumbe macho anuse. Kahawa. Ganda la chungwa. Karafuu. Sabuni. Mimi nilikuwa upande wa pili wa meza na karafuu ilinifika puani vizuri kabisa. Shemeji alinusa vyote, akatikisa kichwa, akafumbua macho, akasema, "Daktari, mimi nilijua saruji ya siku hizi imechakachuliwa. Nilimgombeza mwenye duka mpaka akanipigia kelele. Nikasema mbona haina harufu tena, hata ikimwagiwa maji?" Tukacheka wote watatu, yeye wa kwanza. Halafu kicheko chake kikakatika ghafla, akasema polepole, "Na mke wangu nilimwambia hajui kupika."

Daktari akamwuliza kuhusu ndoto. Kama anapiga kelele usingizini, anarusha ngumi, anapigana na watu. Shemeji akaangalia sakafu. Mshauri, hilo ndilo lililovunja nyumba yake. Mke wake aliwaambia wazee wa familia kwamba mwanamume huyu anajifanya amelala ili apate kumpiga, na shemeji, ambaye hakukumbuka lolote, alikubali mbele ya wote, akaomba radhi kwa kosa asilolijua, na amekaa miaka yote akijiona ni mtu mbaya. Yule mama akamweleza kwamba mtu asiyeumwa akiota, kuna kitu kichwani kinaufunga mwili usifuate ndoto, na ugonjwa huu unaweza kulegeza hicho kifungo, mtu anajitetea dhidi ya jambazi wa ndotoni na ngumi inamfikia aliyelala ubavuni.

Shemeji akauliza, "Kwa hiyo si mimi?"

"Ni ugonjwa, kaka yangu. Si wewe."

Akafunika uso wake kwa mikono miwili, na yule daktari hakumharakisha, akakaa tu hapo magoti kwa magoti. Nami nililia, lakini nikwambie ukweli, sikuwa namlilia yeye. Kwa sababu daktari alikuwa amemwuliza mambo hayo yalianza lini, naye akasema ya harufu na ya ndoto yalianza zamani, wakati bado anaupita ubao bila kutikisika, na daktari akasema ndiyo, kwa baadhi ya watu hayo hutangulia miguu. Na mimi, tangu swali la kwanza, nilikuwa nimekaa pale najibu moyoni mwangu, ndiyo, ndiyo, na hilo pia ndiyo. Kila alichokiuliza nilikuwa nakifahamu. Alikuwa anakielezea kitanda changu. Alikuwa anamwelezea mume wangu, ambaye saa ile ile alikuwa juu ya jukwaa la ghorofa ya tatu anapiga plasta.

Mume wangu anapigana usingizini. Nina alama begani, majirani nimewaambia nilijigonga kwenye mlango, na moyoni nilishaanza kuamini kwamba mchana ananivumilia tu na usiku ndipo anaposema ukweli wake. Alikuwa mtu wa miluzi, ukimsikia kona ya mtaa unajua baba watoto anakuja, siku hizi miluzi imekauka na hajui kwa nini. Chumvi anajitilia mwenyewe mpaka watoto wanaangaliana.

Tulipotoka, tukiwa kwenye benchi la nje tunasubiri dawa, Timazi akanigeukia akaniuliza, "Shemeji, mdogo wangu analalaje?" Nikamjibu, "Analala kama mtoto mchanga." Akauweka mkono wake juu ya wangu, akasema, "Basi Mungu ametuachia mmoja."

Tangu siku hiyo nimekuwa mpelelezi katika nyumba yangu mwenyewe. Nilimpitishia ganda la chungwa puani nikijifanya namfuta kidevu. Nilimwekea sabuni ya kufulia bafuni mahali pa ile ya kuogea, akaoga akatoka. Mwishowe nikafanya upumbavu, nikabandika maziwa jikoni yeye akiwa amekaa pale mezani amelipa jiko mgongo, anachonga penseli yake ya kazi, nikatoka kuanika nguo nikamwacha, maziwa yakafurika yakaungua, moshi ukatokea dirishani, jirani akapiga yowe kuuliza kama tunawaka moto, nikaingia mbio nikamkuta bado anachonga, akainua uso akaniuliza, "Mama watoto, mbona unahema?" Ndipo alipogeuka akaushangaa moshi.

Shemeji ameanza dawa za usingizi na za ile huzuni, na anaendelea vizuri, juzi amenuna kwa sababu timu yake imefungwa, nikafurahi, maana zamani hata kununa alikuwa hawezi. Mimi ndiye nisiyelala. Nikimwambia mume wangu, nitakuwa nimemshusha kutoka kwenye jukwaa kwa mdomo wangu, mtu ambaye miguu yake haijawahi kukosea na ambaye fahari yake yote ni ile sentensi ya jioni. Nikinyamaza na akaanguka, nitakuwa nimemsukuma. Tuna watoto, tuna Timazi, wote tunakula kwa mikono yake. Nimwambie nini? Na mimi ni nani wa kumwambia, wakati ubao unasema ni mzima?

Mke wa fundi, nisiyejua niseme au ninyamaze

MSHAURI ANAJIBU

Mke wa fundi, kwanza zima jiko.

Nasema kweli, usicheke. Hapo ulipofika, mwanamke mwenye akili zake anaunguza maziwa kwa makusudi ili ampime mumewe, wiki ijayo utamwachia gesi wazi uone kama atakohoa. Acha leo. Rudisha sabuni ya watu bafuni. Huyo ni mume wako, umemfanyia uchunguzi wa hospitali bila kumwomba ruhusa, na kitu pekee ulichothibitisha ni kwamba unaogopa, jambo ambalo tayari ulilijua.

Nikishakugombeza hivyo, nikwambie na lingine. Nimeisoma barua yako nikavua miwani nikaiweka mezani. Kazi hii nimeifanya muda mrefu, nimesoma habari za michepuko na mirathi mpaka nimeota sugu, lakini sijawahi kusoma kuhusu chumba kama hicho chako, mtu mmoja anauliza swali ambalo kila mmoja wetu huliuliza kila asubuhi, kisha anafanya jambo tusilolifanya, anasubiri jibu. Nilikaa nikafikiria watu wangu wangapi wamenijibu "nzuri" nikapita zangu. Nilijisikia mdogo sana, na sioni aibu kukwambia.

Sasa tuje kwenye kazi. Nimempigia simu daktari wa mishipa ya fahamu ninayemheshimu, sikumtajia mtu, nikamweleza. Ameniambia mambo ambayo nataka uyashike. Ni kweli kwamba kwa baadhi ya watu wa ugonjwa huo, usingizi, pua na moyo huanza kulalamika kabla ya miguu. Lakini ni kweli pia kwamba mtu aliyemeza vumbi la saruji tangu ujana wake anaweza kupoteza harufu bila kurithi kitu. Mtu anayelisha nyumba kadhaa kwa mikono miwili anaweza kuacha miluzi kwa uchovu tu. Na kupigana usingizini kuna sababu zake nyingine, ikiwamo dawa fulani na kutopumua vizuri wakati wa kulala. Wewe umeona moshi. Moto uko wapi na ni mkubwa kiasi gani, hujui, mimi sijui, na ubao nao haujui.

Maana huo ubao wenu mimi siudharau, usinielewe vibaya. Mzee aliyeanguka akainuka na kuweka sheria ili wanawe wasianguke alikuwa mtu mkubwa, na sheria yake imeokoa watu. Lakini alipima kile alichoweza kukiona, basi. Kosa lenu, na ni kosa la mapenzi, ni kwamba mmekaa miaka mingi mkitazama miguu ya watu hawa kwa makini kiasi kwamba hakuna aliyepandisha macho juu ya magoti. Timazi alikuwa anaumwa mbele yenu, mkamwita mwenye majivuno. Nyumba yake ilivunjika mbele yenu, mkamwita mpiga mke. Miguu yake ilikuwa mizima, kwa hiyo mlimhukumu kama mtu mzima.

Unaniuliza, useme au unyamaze? Utasema. Hilo halina mjadala, kama msemavyo kwenye ubao. Mtu anayepanda ghorofa tatu ana haki ya kujua alilalaje, na shahidi wa usingizi wake ni wewe peke yako duniani, kwa sababu yeye hayupo pale, amelala. Ukinyamaza hukumlindi, umemwacha peke yake na kitu ambacho hata hajui kwamba kipo naye.

Lakini nenda na ulichokiona, usiende na ulichokihitimisha. Mwonyeshe bega lako. Mwambie, "Unapigana usingizini, nimeumia, na mimi sikukuambia kwa sababu niliogopa unanichukia." Mwambie kuhusu maziwa, na umwombe radhi kwa maziwa. Mwambie umeikosa miluzi yake. Usimwambie "una ugonjwa wa kaka yako." Hilo si lako kulisema. Damu yake ikipimwa au isipimwe ni uamuzi wake, na hata akitaka, kwanza anakaa na watu wa kumshauri hospitalini, anafikiria kama kweli anataka kujua, maana jibu la damu likishatoka halirudi ndani. Wapo wanaotaka kujua na wapo wanaochagua kutojua, na wote ni watu wenye akili timamu. Watoto wasiguswe kabisa, wakikua watajiamulia wenyewe.

Jambo lisilongoja damu ni hili. Aende kwa yule yule daktari wa magoti kwa magoti, amwambie habari za usiku. Usingizi unatibika, huzuni inatibika, misuli inayokaba inatulizwa, iwe ni ugonjwa wa familia au si wenyewe. Umeona mwenyewe shemeji yako amerudi kununa. Na mpaka daktari aseme, kila asubuhi baada ya usiku aliorusha ngumi, abaki chini, achanganye zege, ubao umempitisha au haukumpitisha. Iongezeni hiyo kwenye sheria ya mzee, naamini asingekasirika. Kitandani ondoa meza na taa iliyo karibu, weka mto mnene katikati yenu, au lala kitanda cha pembeni bila kununa na bila kumfanya aone amefukuzwa.

Utaniambia atavunjika moyo. Inawezekana. Mwanamume aliyepata heshima yake juu ya jukwaa hawezi kushuka akiimba. Lakini wewe unaye mtu ambaye mimi sina, na wake wengi wanaoniandikia hawana. Mumeo akishakusikia, na yeye mwenyewe akikubali, mwiteni Timazi aje akae naye. Wewe ulimdanganya pale kwenye benchi, na ninakuelewa, hata mimi ningedanganya, mkono ule juu ya mkono wangu ningeshindwa. Ila uongo huo umemnyima shemeji yako kazi ambayo ni yeye tu anayeiweza. Katika familia nzima hakuna mwingine aliyewahi kuambiwa "si wewe" na akajua maneno hayo yana uzito gani. Acha amwambie mdogo wake. Atayatoa polepole, kwa ulimi wake mzito, na msimsaidie hata neno moja.

Na yule mwanamke aliyeondoka, hukuniuliza habari zake, lakini sijaweza kumtoa kichwani. Yuko mahali fulani leo hii, ameshika maisha mengine, na bado anaamini kwamba alilala na mtu aliyemchukia na kwamba chakula chake hakikuwa na ladha. Shemeji yako akiwa tayari, amtumie ujumbe. Hamdai arudi, wala hamwombi chochote. Anamwambia tu kwamba alikuwa anapika vizuri.

Gazeti hili linatoka Jumamosi. Kesho hakuna kazi, kwa hiyo hakuna ubao. Watoto waende kucheza nje, wewe mwandalie mumeo chai, kaa mbele yake, karibu, na umwulize habari za usiku. Atakujibu, "Nzuri." Mwambie humsalimii, unamwuliza. Kisha nyamaza, umsubiri, hata chai ikipoa.